Ukifika Vernazza, Ipe Bahari Mgongo

Hotuba hii niliitoa kwenye kikao cha wanajumuiya wetu tunaoishi kaskazini mwa Italia, tulipokuwa tukipanga safari ya pamoja ya majira ya joto kwenda Vernazza, kijiji cha pwani katika mkoa wa Liguria. Waliokuwa zamu ya kazi siku hiyo wameomba kuisoma, basi naiweka yote hapa. Picha nilizokuwa nikizionyesha ukutani nimeziacha.

Mheshimiwa mwenyekiti, wazee wetu, kina mama na kina baba, nanyi vijana mliojibanza huko nyuma karibu na sinia la sambusa: asalaam aleikum, Bwana asifiwe, na ambao sijawagusa bado, hamjambo!

Mwenyekiti aliniambia, "Wewe unakaa Liguria, waeleze watu kijiji kilivyo, wajue wavae nini." Nikasema sawa. Viatu nitavisema, msiwe na wasiwasi. Ila mtu akinipa kipaza sauti halafu akanitajia Vernazza, amejitakia mwenyewe.

Niwaulize. Nani humu hajapata kuiona Vernazza? Naona mikono mingi. Shusheni, mmeiona. Iko kwenye kalenda, iko kwenye kuta za pizeria, iko kwenye mabango ya mawakala wa safari kila stesheni ya treni nchi hii. Nyumba nyembamba ndefu, za njano, za waridi, za rangi ya chungwa iliyopauka, zimebanana kuzunguka kibandari kidogo. Kanisa lenye mnara wa pembe nane limekaa juu ya mwamba, mawimbi yanalipiga miguuni. Upande wa pili wa bandari, juu, mnara wa ngome. Mashua chache zimepinduliwa uwanjani. Hiyo ndiyo Vernazza. Sasa mmeikumbuka?

Na mgeni anaifanyaje? Anashuka kwenye treni, anafuata barabara moja iliyopo mpaka majini, anasimama, anajipiga picha, ananunua aiskrimu, anapanda treni inayofuata. Saa moja, imekwisha. Mamilioni ya watu huja Cinque Terre, eneo la vijiji vitano ilimo Vernazza, kila mwaka, na walio wengi wanaijua Vernazza kwa saa hiyo moja.

Mimi leo nina ombi moja kwenu, na nitalirudia mpaka mnichoke. Mkifika Vernazza, ipeni bahari mgongo. Sisemi msiitazame. Itazameni, osheni macho, kisha mgeuke. Nusu ya watu humu ndani tumezaliwa Mombasa, Tanga, Unguja, Lamu. Bahari hatuendi kuonyeshwa na mtu. Kilichokijenga kijiji kile, kinachokilisha na kilichowahi kukiua, chote kiko upande wa pili. Kiko mlimani.

Tuanze na mahali penyewe. Vernazza ni kimoja cha vijiji vitano vinavyoitwa Cinque Terre, karibu na mji wa La Spezia. Ukitokea upande wa Genova unaanza na Monterosso, kisha Vernazza, Corniglia, Manarola, unamalizia na Riomaggiore. Mlima pale haushuki taratibu, unadondokea baharini. Uwanda hakuna. Monterosso peke yake ndiyo yenye ufukwe wa kueleweka. Vernazza yenyewe imebahatika kuwa na bandari ya asili, pekee katika vijiji vitano, na ndiyo sababu hati za kale zinaitaja mapema: mwaka 1080 tayari ilikuwa ngome. Baadaye ikawa chini ya Genova, dola la wafanyabiashara wa baharini lililotawala pwani yote hii. Kanisa la Mtakatifu Margareta wa Antiokia, lile la kwenye mwamba, linatajwa mwaka 1318. Na ile minara si pambo. Mwaka 1549 Turgut Reis, nahodha wa maharamia wa dola la Waturuki ambaye Wazungu humwita Dragut, aliivamia Rapallo, mji ulio kwenye pwani hiyohiyo, akaondoka na mateka. Watu wa huku walilala jicho moja wazi.

Basi, historia ya vitabuni naiacha hapo. Ngome na minara mtaisoma kwenye vibao.

Mama yangu mdogo alikuja kunitembelea kutoka Kibosho, mlimani Moshi. Nikasema huyu nitampeleka Vernazza, akashangae. Treni ilisimama, behewa letu likiwa bado ndani ya handaki, maana stesheni ile imebanwa na mlima na jukwaa lake linaingia gizani. Nikamshika mkono mpaka tukatoka kwenye mwanga, nikamteremsha barabarani moja kwa moja hadi bandarini, nikamnunulia aiskrimu ya ndimu, nikakaa kusubiri sifa.

Akaitazama bahari, labda kwa muda wa kulamba aiskrimu mara tatu. Kisha akageuka, akainua uso, akanyamaza. Nikafikiri amechoka. Akaniuliza, "Kule juu nani analima?"

Ndugu zangu, nilikuwa nimepita pale mara nyingi, na swali hilo halikuwahi kunijia. Niliinua macho kama yeye. Mlima wote, kutoka mapaani mwa nyumba kwenda juu, umechanjwa mistari. Mstari juu ya mstari, juu ya mstari. Mama mdogo akasema, "Ile si milima, yale ni mashamba." Akaanza kuhesabu matuta kwa kidole kama mtu anayehesabu kuku wake. Watu wa Machakos mlio hapa, mliokulia kwenye matuta ya fanya juu, mngemwelewa mara moja. Mimi mtu wa pwani nilihitaji kuonyeshwa.

Mistari ile ni kuta. Kuta za mawe matupu. Hakuna saruji, hakuna chokaa, hakuna udongo wa kugandisha. Jiwe juu ya jiwe, kwa mkono. Kazi hiyo ilianza takriban miaka elfu moja iliyopita na ikaendelea kizazi baada ya kizazi. Waliukata mlima, wakapanga ukuta, wakajaza udongo nyuma yake, wakapata kipande cha kupanda mizabibu, pengine kipana kama meza hizi mbili nikiziunganisha. Kisha wakapanda hatua moja juu, wakaanza upya. Ukiziunga kuta zote za vijiji vitano unapata maelfu ya kilomita, na wenyeji hawachoki kukutajia Ukuta Mkuu wa China. Mtu akikuambia hivyo, tikisa kichwa tu, mwache afurahi.

Na nani alibeba? Picha za zamani zinaonyesha wanawake wamejitwisha vikapu kichwani, wakishuka ngazi za mawe. Kichwani, jamani! Siku ya mavuno zabibu zilishuka hivyo. Leo kuna kigari cha reli moja chenye meno, kinaendeshwa kwa injini ndogo ya petroli, kinapanda mteremko ambao mbuzi angefikiria mara mbili. Kimebeba makreti, na dereva kakaa kwenye kiti cha chuma ameshikilia kofia. Mkifika Septemba mtakisikia kabla ya kukiona.

Shirika la UNESCO liliiandika sehemu hii kwenye Urithi wa Dunia mwaka 1997, vijiji vitano pamoja na Portovenere na visiwa vya Palmaria, Tino na Tinetto. Mwaka 1999 ikawa hifadhi ya taifa. Sikilizeni vizuri: hifadhi ya taifa isiyo na simba wala tembo. Kinachohifadhiwa pale ni jasho la wakulima. Kisha mwaka 2018 ufundi wenyewe wa kujenga kwa mawe makavu ukaingia kwenye orodha ya urithi usioshikika, kwa ombi la Italia na nchi nyingine saba za Ulaya. Na mwaka huohuo, Wajaluo wa Migori msije mkasema nimewasahau, Thimlich Ohinga, boma la kale pale Kenya, nayo ikaingia kwenye Urithi wa Dunia, kuta zake za mawe bila tone la udongo wa kugandisha. Kwa hiyo tukiziona kuta za Vernazza hatuendi kama watu wasiojua.

Sasa ukuta wa namna hii unafanyaje kazi? Nilielezwa na mzee mmoja niliyemkuta njiani juu ya kijiji, anarudishia sehemu iliyobomoka. Alikuwa na nyundo, kamba aliyoifunga kwenye vigingi viwili, na ndoo mbili za vijiwe. Mawe makubwa ameyatandaza nyasini kama mtu anayechagua samaki sokoni. Analiokota moja, analigeuza, analigeuza tena, analirudisha chini. Anachukua jingine. Nikadhani ananionyesha madaha. Hapana, alikuwa anatafuta uso wa jiwe. Kila jiwe, alisema, lina uso na lina mkia. Uso unakaa nje, mkia unaingia mlimani. Ukuta wenyewe haukai wima, unaegemea nyuma kidogo, unausukuma mlima kwa uzito wake.

Nikamuuliza zile ndoo za vijiwe ni za nini. Akaniita nisogee, akaniinamisha nitazame nyuma ya ukuta. Kati ya mawe makubwa na udongo kuna tabaka nene la vijiwe. "Hapa ndipo maji yanapopita," akasema. Mvua ikinyesha, maji yanazama, yanapenya kwenye vijiwe, yanatoka taratibu katikati ya mawe. Ukuta wa saruji ungeyazuia, na maji yaliyozuiwa mlimani hutafuta njia kwa nguvu. Huu unayapisha. Nikamsaidia kumpa vijiwe, mpaka akaniambia kwa adabu kwamba namchelewesha.

Lakini ukuta unaoishi hivyo unataka mtu. Kila mwaka jiwe moja hapa, mawili pale. Mizizi inausukuma, nguruwe mwitu wanaubomoa wakichimba. Mtu akiwepo, analirudisha jiwe asubuhi hiyohiyo. Asipokuwepo?

Hapo ndipo penye kidonda. Mwaka 1869 serikali ya Italia ilizindua kiwanda kikubwa cha jeshi la majini pale La Spezia. Mwaka 1874 reli ikapita, ikatoboa milima. Kijana aliyezaliwa kwenye matuta akapata njia ya kwenda kupokea mshahara na kurudi. Nani angemlaumu? Wewe uliyeacha shamba la babu yako ukaja Bergamo kuendesha foklifti, utamlaumu? Mimi sithubutu. Baadaye ukaja utalii, na chumba kimoja cha kupangisha kikaingiza pesa kuliko mizabibu ya mlima mzima. Mashamba ya mizabibu ya Cinque Terre zamani yalizidi hekta 1,000. Yanayolimwa leo ni karibu hekta 100. Yaliyobaki yamemezwa na vichaka na misonobari, na kuta ziko humo ndani zinabomoka bila mtu kuziona.

Sasa nawaomba utulivu kidogo, hata huko kwenye sambusa.

Jumanne, tarehe 25 Oktoba 2011. Mvua ilisimama juu ya vilima vile ikakataa kuondoka. Sehemu zilizopata nyingi zaidi katika eneo lile zilipimwa zaidi ya milimita 500 siku hiyo. Dodoma hupata kiasi kinachokaribia hicho kwa mwaka mzima. Vernazza ina kijito kiitwacho Vernazzola, na barabara kuu ya kijiji, ile mtakayoishuka kwenda bandarini, imejengwa juu yake. Kijito kinapita chini ya miguu ya watu, ndani ya mtaro uliofunikwa. Siku zote kinapita kimyakimya, mgeni hajui kama kipo.

Siku ile mlima ulishuka. Udongo wa matuta, mawe ya kuta, miti, magari yaliyokuwa yameegeshwa juu ya kijiji, vyote viliporomoka pamoja na maji. Mtaro ukaziba. Barabara ikawa mto. Matope na vifusi vikajaa hadi kama mita nne, yaani maduka yote ya chini yakazikwa na mtu wa ghorofa ya kwanza akayaona matope dirishani. Magari yalisukumwa hadi baharini. Watu watatu walikufa Vernazza. Monterosso nayo iliumia siku hiyohiyo, na bara, kwenye bonde la mto Vara na eneo jirani la Lunigiana, wengine wakafa.

Barabara zilikatika. Reli ilikatika. Watu walitolewaje? Kwa mashua. Bahari ile tunayoipiga picha ndiyo iliyowatoa. Kwa mara moja kijiji kizima kiliufuata uso wa bahari kwa sababu mlima ulikuwa umewageuka.

Mama mmoja mwenye duka alinionyesha alama ukutani, juu ya kichwa changu, mahali matope yalipofika. Hakusema mengi. Alisema kwamba kwa wiki nyingi alichimba duka lake mwenyewe kwa koleo na alikuta vitu ambavyo si vyake: chupa za mvinyo za mtu wa juu, kiatu cha mtoto, jiwe la ukuta wa shamba alilolitambua. Nikamuuliza, ulilitambuaje jiwe? Akanitazama kama mtu asiyejua kitu. "Baba yangu ndiye aliyelipanga," akasema.

Kwa haki lazima niseme, mvua kubwa namna ile ingeleta maafa hata kama kila tuta lingekuwa na mkulima wake. Mtu asiwaambie vingine. Hata hivyo, wanajiolojia waliolichunguza bonde la Vernazza baada ya mafuriko waliona kwamba matuta yaliyokuwa yametelekezwa, hasa yale ambayo hayajaachwa muda mrefu, ndiyo yaliyokuwa mepesi kuporomoka. Fikirini sababu. Shamba lililoachwa zamani limeota msitu, mizizi imelishika. Linalolimwa lina mtu. Lililoachwa juzi halina mtu na halina mizizi.

Kijiji kilichimbuliwa. Wenyeji, watu wa kujitolea, wanawake wachache wa Kimarekani walioolewa pale wakachangisha fedha kwao. Richard Rogers, msanifu majengo mashuhuri aliyekuwa akija kupumzika Vernazza kwa miaka mingi, alisaidia kuchora upya barabara kuu bila kudai malipo. Majira ya machipuko yaliyofuata watalii wakaanza kurudi. Nenda leo utasema hakujatokea kitu. Lakini kwenye barabara kuu, mkono wa kushoto mkishuka, kuna uwazi kama pango. Ukipita humo unatokea kwenye kiufukwe cha kokoto ambacho hakikuwepo kabla ya 2011. Kokoto zile ni mlima. Ni mashamba ya watu yaliyofika baharini. Mara nyingi hufungwa kwa sababu mawe bado yanadondoka kutoka juu, na mkikuta kamba imewekwa, tafadhali, msiiruke.

Sasa tupande. Maana nimesema ipeni bahari mgongo, lazima niseme mwende wapi.

Wageni wengi hutembea njia ya pwani inayoitwa Sentiero Azzurro, kwenda Monterosso au Corniglia. Ni nzuri, inalipiwa, na ina foleni ya watu kama daladala ya jioni. Mimi nawapeleka kwingine: njia ya mawe inayopanda kutoka kijijini hadi kwenye kanisa la hija la Mama Yetu wa Reggio. Kwa mwendo wa kuongea ni kama saa moja, ngazi na mteremko, vikanisa vidogo vya Njia ya Msalaba vimesimama njiani kama vituo vya kuvutia pumzi. Pande zote mbili ni kuta. Hapo ndipo mtaona tuta linalolimwa limepakana na tuta lililokufa, ukuta mzima umepakana na ukuta uliotapika mawe yake. Hakuna maelezo yanayohitajika.

Na juu kabisa kuna jambo ambalo mama yangu mdogo hajaacha kulisimulia Kibosho. Kanisa limejificha chini ya miti mikubwa, baridi kidogo, kimya. Ndani kuna picha ya Bikira Maria ambaye ni mweusi. Na wenyeji wanamwita l'Africana. Mwafrika! Mama mdogo alikuwa amepanda mlima mzima bila kulalamika, na sasa akaketi kwenye benchi la mbele, rozari mkononi, akamtazama. Akaniuliza kwa kunong'ona, "Kwa nini hukuniambia?" Hadithi za jinsi picha ile ilivyofika pale ni nyingi, kila mzee ana yake, na sitaki kuwauzia hadithi kama historia. Ninachojua ni kwamba Jumapili ya kwanza ya Agosti watu wa Vernazza humfanyia sikukuu yake. Wazee wao waliobeba mawe walipanda kwenda kumwomba yeye awanusuru na mvua na ukame. Hilo nililiwaza nikiwa nimesimama mlangoni, mimi ambaye siku hiyo asubuhi kwenye treni mtu alikuwa amehamisha mkoba wake nilipokaa.

Tusonge mbele. Chakula.

Liguria ni nchi ya majani na mafuta ya zeituni. Pesto mnaijua: majani ya basiliko, kitunguu saumu, mbegu za msonobari, jibini, chumvi ya mawe, vinasagwa kwenye kinu cha marumaru kwa mchi wa mti. Ya chupa ya supamaketi isahau. Kuna farinata, ambayo Waislamu na wasiokula nyama watapona nayo: unga wa dengu, uleule wa bajia, maji, chumvi na mafuta ya zeituni, inaokwa kwenye sinia kubwa la shaba mpaka juu inababuka. Iliwe ikiwa ya moto, na pilipili manga juu. Focaccia nayo ni tamu, ila wenzetu wenye kujali ulizeni kwanza kama imetiwa mafuta ya nguruwe, maana wengine hutia. Samaki wao wa sifa ni dagaa wa Monterosso, wakubwa kuliko wetu, wanalowekwa ndimu au kutiwa chumvi.

Na kuna sciacchetrà. Wale ambao kwao ni haramu mnisamehe, nasimulia kazi tu. Ni mvinyo mtamu wa zabibu ambazo baada ya kuvunwa hazikamuliwi papo hapo. Zinaanikwa kivulini kwenye chekeche zenye hewa mpaka kama Novemba, zinakunjamana, maji yanapungua, sukari inabaki. Kilo mia za zabibu zinatoa takriban lita thelathini. Halafu mtalii anaona bei ya kichupa kidogo anasema Waligure ni wabahili na wezi. Mtalii huyo hajapanda ngazi. Aliyepanda hanung'uniki, au ananung'unika kwa sauti ya chini. Mkitaka kununua zawadi, basi mvinyo, asali au limau la mtu anayelima mlima ule, siyo sumaku ya friji iliyosafiri kutoka mbali kuliko sisi.

Mniulize, je, kwenda kwetu hakuwaongezei mzigo? Swali halali, na kijana mmoja alinitumia kabla ya kikao. Kijiji hakifikishi wakazi elfu moja, na siku ya sikukuu huwezi kuinua mguu. Nyumba nyingi zimekuwa vyumba vya wageni. Jioni ya Novemba utaona madirisha mengi hayana taa. Jibu langu ni kwamba inategemea tunakwenda vipi. Tusiende wikiendi ya Pasaka, wala tarehe 25 Aprili, wala Mei Mosi. Tusishuke watu hamsini kwa mkupuo tukiimba. Tutajigawa, wengine waanzie Manarola. Wenye uwezo walale usiku mmoja, maana treni za jioni zikishawazoa wageni, wenyeji hutoa viti nje, na hapo ndipo mtu anapokuwa na muda wa kukujibu salamu. Mimi binafsi naona Corniglia ndiyo yenye usiku mzuri zaidi, lakini hilo tutabishana tukiwa ndani ya treni. Na tununue kadi ya hifadhi, ile Cinque Terre Card ya treni. Inakupandisha treni za vijijini, inakuruhusu njia za pwani, na sehemu ya fedha inarudi kutengeneza njia. Msijifanye wajanja kuikwepa.

Mwenyekiti ananionyesha saa. Nimefika kwenye viatu.

Viatu vya kufunga, vyenye soli yenye meno. Kandambili hazipandi. Hili si ushauri wangu, ni kanuni ya hifadhi kwenye njia za milimani, na ukikamatwa na soli laini unaweza kutozwa faini. Dada zangu, vile viatu vya visigino vya picha viwekeni kwenye mkoba, mtavivaa bandarini. Maji kila mtu abebe chupa, kuna bomba kijijini la kujazia. Kofia. Wazee wasioweza ngazi msikate tamaa: kuna basi dogo linalopanda kwenda vijiji vya mlimani, tutaulizia ratiba yake wiki moja kabla, kwa sababu hubadilika kila msimu. Tikiti ya karatasi ya treni igongwe kwenye kile kimashine kabla ya kupanda. Mkaguzi hana udugu na mtu. Simu na pochi viwe mbele, treni zile zina wezi wa mifukoni wenye mikono myepesi. Na jioni kabla ya safari tutaangalia tahadhari ya mvua ya mkoa wa Liguria. Ikiwa ya rangi ya chungwa au nyekundu, hatuendi, tunaahirisha, na nauli tusizilalamikie. Mmesikia ya 2011.

Tutakutana La Spezia Centrale, chini ya ubao wa ratiba. Nani anabeba sambusa, hilo kina mama watalimaliza wenyewe. Maswali ya viatu na njia njooni kwangu, ya pesa nendeni kwa katibu, na wanaotaka kupanda Reggio waandike majina yao kwenye daftari hili la kijani kabla hawajatoka mlangoni.

Asanteni sana kwa kunisikiliza.